Majeraha ya zamani kwenye mnyamapori: unachokikuta ngozi ikishatoka

Wawindaji wenye leseni wanaotoka Rungwa, Lukwati na upande wa Chunya huuliza swali lilelile kila msimu. Mnyama alikuwa mnene, alikuwa anakimbia na wenzake, lakini alipochunwa amekutwa na fundo kwenye mfupa au uvimbe ndani ya paja. Nyama inaliwa au inafukiwa?

Mara nyingi inaliwa. Cha kuamua ni kama mwili ulishamalizana na jeraha hilo au bado ulikuwa unapambana nalo. Wapo wanaotupa paja zima kwa sababu ya kovu lisilo na madhara yoyote, halafu nyama iliyomwagikiwa usaha wanaiosha kwa maji na kuipika. La pili ndilo linaloniumiza zaidi.

Anza kukagua kabla ya kushika kisu. Papasa miguu yote minne kwa viganja viwili, wa kulia ukiulinganisha na wa kushoto, kuanzia kwatoni kwenda juu. Kwato zina habari nyingi. Mguu usiokanyagiwa kwato zake hazisagiki, kwa hiyo hurefuka na kupinda mbele, na misuli ya paja lake hunywea. Angalia na nywele: mahali palipopona kidonda kirefu hapaoti kitu, au huota nywele nyeupe, kwa kuwa chembe za kutia rangi zimekufa.

Ngozi ikitoka, tenganisha kwanza jeraha la leo na la zamani. Damu iliyovilia ikiwa nyekundu mbichi, kipigo hakijazidi saa 10 hivi. Mara nyingi ni risasi yako mwenyewe au namna mnyama alivyoanguka. Ikifikisha siku nzima huwa nyeusi-nyeusi, halafu hulegea na kutoa majimaji. Baada ya siku 3 hugeuka rangi ya kutu, na ukiigusa inateleza kama sabuni. Rangi hiyo ya kutu ikukumbushe kutafuta zaidi, maana chini yake huenda kuna mfupa uliopasuka au tundu la pembe.

Mifupa ndiyo inayoshangaza watu. Swala aliyevunjika mguu porini hana wa kumfunga vibanzi, na bado mfupa huunga. Damu huganda kati ya ncha mbili, ndani ya wiki 2 au 3 hugeuka gegedu laini, na kufikia wiki ya 6 hadi ya 8 panakuwa na fundo gumu la mfupa mpya, ambalo mwili huendelea kulichonga kwa miezi. Kwa kuwa misuli huvuta ncha zikapishana, mguu huunga ukiwa mfupi au umepinda upande. Mbavu huunga vizuri kuliko mifupa yote, kwa sababu zinashikiliwa na misuli iliyo kati yake. Ukipitisha kidole kwa ndani ya kifua cha nyati dume, unaweza kukuta vifundo vitatu au vinne vimejipanga mstari mmoja kama shanga: kipigo kimoja, pengine cha pembe, kilichovunja mbavu zote kwa mpigo. Kwenye mguu, ncha zikiwa zinacheza-cheza muda wote, hazishikani kabisa. Hutengeneza kiungo cha uongo chenye utando mgumu, na mnyama hujifunza kukitembelea.

Fundo kavu lisilo na usaha halina hatari. Toa mfupa, kata ule mnofu mweupe mgumu ulioshikana nao (haulainiki hata ukiuchemsha saa 3), na nyama iliyobaki ni chakula. Fundo lenye vitundu vinavyotoa usaha ni jambo jingine: hapo mfupa wenyewe umeoza kwa ndani. Kiungo hicho chote kiondoke.

Jipu lililojificha ndilo linaloharibu nyama nyingi kuliko kitu kingine, na linaharibu kupitia mkono wa mchunaji. Pembe ya swala dume huingia shingoni au begani ikaacha tundu dogo kama la kidole. Ngozi hufunga haraka, uchafu ukabaki ndani. Mwili hujenga kifuko kuuzunguka uchafu huo, chenye ukuta mweupe mgumu, na ndani usaha mzito wa rangi ya njano inayoelekea kijani. Ukikibonyeza kinabonyea, tofauti na mnofu wa kawaida. Kosa kubwa ni kukipasua ili kuona kuna nini. Kata kwa kukizunguka kikiwa kizima, ukiacha angalau sentimita 5 za nyama safi kila upande. Kisu kikipenya, weka kisu hicho kando, chukua kingine, na cha kwanza kiingie kwenye maji ya moto yasiyopungua nyuzi 82. Kila mnofu ulioguswa na usaha ukatwe utupwe. Maji hayaondoi usaha, yanausambaza kwenye nyama ambayo ilikuwa salama.

Ukishatoa kifuko, tazama tezi za limfu, yaani vifundo vidogo vinavyochuja vijidudu mwilini. Iko moja mbele ya bega, moja kwenye mkunjo wa ngozi mbele ya paja, na nyingine nyuma ya goti katikati ya misuli. Tezi ya upande wenye jeraha ikivimba peke yake, mwili ulikuwa umelidhibiti tatizo palepale. Zikivimba za pande zote, na mapafu au ini likawa na vijipu vyake, vijidudu vimeshasafiri kwa njia ya damu na mnyama mzima anafukiwa. Malizia kwenye figo. Mafuta yake yakiwa meupe na magumu, mnyama alikuwa na afya. Yakiwa kama ute, alikuwa anakwisha.

Angalizo moja hapa. Usaha mkavu kama jibini, wenye chembe zinazokwaruza kisu kama mchanga, hasa kwenye tezi za koo na kifua, usiuhesabu kuwa jeraha la zamani. Huenda ni kifua kikuu. Kwa tandala mkubwa, uvimbe chini ya sikio ni dalili inayojulikana vizuri kutoka Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Acha kukata, nawa mikono, mwite daktari wa mifugo.

Makucha ya simba huacha mistari sambamba mgongoni na matakoni, na nyati wengi wazee hawana mkia kamili. Mamba huacha matundu ya mviringo miguuni au puani. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, na wanyama hubanana kwenye madimbwi machache pamoja na mamba walewale. Pembe iliyovunjika kwa swala hairudi. Kulungu wa Marekani hudondosha pembe zake kila mwaka na kuotesha mpya, na akiumia mguu wa nyuma, pembe ya upande wa pili mara nyingi huota imepinda. Kwa wanyama wetu, pembe ikikatikia kwenye shina hufungua uwazi wa fuvu na usaha ukaingia. Kichwa hicho kisiliwe.

Limebaki tanzi, na hili lina mkono wa mtu. Waya unaotolewa kwenye matairi yaliyochomwa, au wa breki za baiskeli, hukaza mguuni au shingoni hadi kukata ngozi, kisha nyama huota juu yake na kuumeza. Kwa nje unaona mfereji tu kama alama ya pete. Usipitishe kisu hapo kwa nguvu. Papasa kwanza, kata sentimita 5 juu na 5 chini, utupe kipande chote cha nyama. Risasi za zamani za gobore nazo hukaa ndani ya kifuko chembamba: zitoe pamoja na mnofu unaozizunguka, kwa sababu madini ya risasi (ledi) ni sumu. Waya wenyewe usiuache porini, maana atakayeuokota atautega upya. Funga kikaratasi chenye tarehe, eneo, aina ya mnyama na mguu ulionaswa, umkabidhi ofisa wanyamapori aliyefuatana nanyi.