Fangasi wa ngozi na nywele: kwa nini krimu huponya choa lakini haiponyi mapunye

Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zilizojaa protini ngumu iitwayo keratini. Nywele na kucha nazo ni keratini. Hicho ndicho chakula cha fangasi wa jamii tatu, Trichophyton, Microsporum na Epidermophyton, na kwa mtu mwenye kinga ya kawaida hawana haja ya kuzama zaidi ya hapo. Muwasho na wekundu ni mwili unaopambana nao.

Mapambano hayo ndiyo yanayochora duara la choa. Kinga huwasafisha fangasi pale walipoanzia, nao husogea pembeni kwenye keratini ambayo haijaguswa. Kwa hiyo katikati huonekana pamepona huku ukingo ukiinuka, ukitoa magamba na kuwasha. Choa cha namna hii hupona kwa dawa ya kupaka, kwa mfano klotrimazoli au terbinafini, mradi mtu asiache kupaka siku muwasho unapokoma. Kuacha mapema ndiko kunakokirudisha.

Mapunye ni habari nyingine, ingawa fangasi ni ndugu walewale. Huwapata zaidi watoto ambao hawajabalehe. Hapa fangasi hufuata unywele hadi ndani ya kitundu chake, unywele ukadhoofika na kukatika, pakabaki viraka vyenye magamba au vidoa vyeusi vya mashina yaliyokatika. Krimu haifiki huko chini, hata ikipakwa kwa bidii gani. Inahitajika dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa, tena kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Shampuu ya dawa husaidia tu kupunguza kuwaambukiza wengine. Wakati mwingine kichwa huvimba, kikawa laini na kutoa usaha, na mtu akadhani ni jipu la kupasuliwa. Kumbe ni mapunye yaleyale, na yakichelewa kutibiwa nywele za hapo huenda zisiote tena.

Kinachonikera zaidi ni krimu za steroidi, zile zinazosifiwa kwa kukata muwasho upesi. Ni kweli zinaukata, kwa sababu zinanyamazisha kinga. Fangasi wanaendelea kula bila bughudha. Ukingo wa duara hufifia, upele husambaa, na hata daktari hupata shida kuutambua.

Fangasi wa Malassezia wako kando na hawa wote. Huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na hutegemea mafuta yake. Wakizidi, huleta mabaka yaliyofifia au yaliyokoza kifuani na mgongoni, na wanahusishwa pia na mba wa kichwani. Baada ya tiba rangi huchukua miezi kurudi, hivyo baka lililobaki si lazima liwe dalili kwamba dawa imeshindwa.

Si kila duara ni choa. Pumu ya ngozi nayo huweza kulichora. Pakiwa na shaka, magamba hukwanguliwa, huwekewa potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha keratini, kisha nyuzi za fangasi hutafutwa kwa hadubini. Yakwanguliwe ukingoni, si katikati, na ikiwezekana kabla ngozi haijapakwa dawa yoyote ya fangasi.