Elementi za Periodi Moja Zinafanana kwa Lipi?

Dhana inayosikika zaidi madarasani ni kwamba elementi zilizo kwenye safu mlalo moja ya jedwali la elementi, yaani periodi moja, zina tabia za kikemia zinazofanana. Dhana hii imeota mizizi kwa sababu ni jibu sahihi la swali lingine: wenye tabia zinazofanana ni wanakundi, yaani elementi za safu wima moja. Tazama periodi ya 3, inayoanza na sodiamu (namba atomia, yaani idadi ya protoni katika kiini, ni 11) na kuishia kwa agoni (18). Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu na kuchachamaa ikigusa maji. Klorini ni gesi ya sumu yenye rangi ya kijani-njano. Agoni karibu haiungani na kitu chochote. Oksidi ya sodiamu ikitiwa majini hutoa besi kali, oksidi za salfa hutoa asidi, na oksidi ya alumini, iliyo katikati, humenyuka na asidi na besi pia.

Kinachozifananisha elementi za periodi moja ni idadi ya maganda yenye elektroni, yaani matabaka ya elektroni yanayozunguka kiini cha atomi. Sodiamu ina mpangilio wa elektroni wa 2, 8, 1, kuanzia ganda la ndani. Klorini 2, 8, 7. Agoni 2, 8, 8. Zote zina maganda matatu, ndiyo maana zimo katika periodi ya 3. Hata kanuni hii ina mkaidi mmoja anayestahili kutajwa: paladi imo katika periodi ya 5, lakini atomi yake ikiwa katika hali tulivu haina elektroni hata moja kwenye ganda la tano.

Dhana ya pili inapotosha zaidi kwa kuwa inaonekana ya kimantiki: kwamba tukienda kulia atomi huzidi kuwa kubwa, maana protoni na elektroni zinaongezeka. Ukweli ni kinyume. Nusukipenyo cha atomi ya sodiamu ni takriban pikomita 186 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), ilhali cha klorini ni takriban 99. Elektroni zinazoongezeka huingia katika ganda lilelile la tatu, na elektroni za ganda moja hukingana kwa udhaifu dhidi ya mvuto wa kiini. Wakati huohuo protoni zimepanda kutoka 11 hadi 17, huku elektroni za ndani zinazokinga mvuto huo zikibaki 10 tu. Kiini kinazidi kuvuta, na atomi inasinyaa. Ni pale tu ganda jipya linapofunguliwa, kwenye potasiamu, ndipo atomi inapotanuka tena hadi takriban pikomita 227.

Kutokana na hilo wengi huhitimisha kwamba nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza hupanda bila kurudi nyuma. Kwa jumla hupanda, ila si kwa mfululizo. Magnesiamu huhitaji kilojuli 738 kwa moli, na alumini inayoifuata 578 tu, kwa kuwa elektroni yake ya mwisho imo katika 3p, mojawapo ya maganda madogo yaliyo ndani ya ganda la tatu, ambalo nishati yake iko juu kuliko ya 3s, ganda dogo zilimo elektroni za mwisho za magnesiamu. Fosforasi huhitaji 1012 na salfa 1000, kwani katika salfa elektroni mbili hulazimika kuishi katika obiti moja (nafasi ndani ya ganda dogo inayobeba elektroni zisizozidi mbili), zikasukumana.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila periodi ina elementi nane. Idadi halisi, kuanzia periodi ya 1 hadi ya 7, ni 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32.

Wala elementi hazikupangwa kwa uzito. Katika periodi ya 4, kobalti (uzito atomia 58.93) hutangulia nikeli (58.69) ingawa ni nzito zaidi. Mwaka 1913 mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley alipima miale ya eksirei inayotolewa na metali mbalimbali, akaonyesha kwamba masafa yake hufuata chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni zake: 27 kwa kobalti, 28 kwa nikeli.