Mgodi kufungwa si mwisho wa wajibu

Wengi huamini kwamba mgodi ukishafungwa, sumu iliyobaki ni mzigo wa serikali. Sivyo. Nchini Marekani, sheria ya usafishaji ya mwaka 1980 humbana mchafuzi mwenyewe, hata kama alichafua kabla sheria haijatungwa. Shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, husimamia kazi na kudai gharama.

Tazama mji wa Butte, jimbo la Montana. Kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield ilinunua Anaconda, kampuni iliyochimba shaba huko, mwaka 1977. Mwaka 1982 pampu za kutoa maji mgodini zilizimwa, na shimo la mgodi liitwalo Berkeley likaanza kujaa maji yenye tindikali, shaba na aseniki. Aliyenunua mgodi alinunua na deni lake, na ndivyo inavyostahili. Mlipakodi huingia hasa pale mhusika anapofilisika au asipopatikana, jambo linalouma sana.