Mistari iliyonyooka nayo huunda uso uliopinda

Wengi wanaoanza kuunda maumbo dhahania kwa vijiti na kadibodi huamini kwamba mistari iliyonyooka huzaa pembe na bapa tu. Inaeleweka, maboksi na piramidi ndiyo hufundishwa kwanza.

Hata hivyo, mnara wa bandari ya Kobe, Japani, wa mwaka 1963, una kiuno chembamba kilichoundwa kwa mabomba yaliyonyooka.

Jaribu: kata miduara miwili sawa ya kadibodi, toboa matundu 16 ukingoni mwa kila mmoja, iunganishe tundu kwa tundu kwa nyuzi zilizokazwa (za kushonea; za kufumia huvutika). Zungusha mduara wa juu kidogo, ukiiacha miduara isogeleane. Katikati patabonyea. Weka rula kwenye uzi wowote: umenyooka. Karatasi bapa, kinyume chake, haiwezi kuufunika uso huo bila mikunjo.