Kwa nini mchezaji wa poka mwenye chipu chache hutupa karata nzuri zawadi zinapokaribia?

Mwaka 2023, shindano kuu la World Series of Poker mjini Las Vegas, Marekani, lilipata washiriki 10,043, na ada ya kuingia ilikuwa dola 10,000. Zawadi zilitengewa watu 1,507 wa mwisho kubaki. Aliyeshika nafasi ya 1,507 alistahili dola 15,000, bingwa Daniel Weinman alichukua dola milioni 12.1, na orodha ya malipo haikuwa na chochote kwa nafasi ya 1,508. Katika mpaka wa namna hiyo ndipo mtazamaji huona mambo ya kushangaza: mtu aliyebakiwa na chipu chache (vipande vya kuwekea dau) anapewa A na K, karata ambazo saa chache kabla angezipigania hadi chipu ya mwisho, lakini anazitupa, kisha, kabla mzunguko haujaisha, mtu huyohuyo anasukuma chipu zake zote akiwa na karata hafifu. Matendo hayo mawili yanatokana na hesabu moja.

Chipu za shindano hazibadilishwi kuwa fedha dirishani. Thamani yake ni matumaini yanayompa mwenye nazo ya kufika kwenye kila zawadi. Tuseme wamebaki wachezaji 4 wenye chipu sawa, na zawadi ni 3: asilimia 50, 30 na 20 za mfuko. Kwa wastani kila mmoja anamiliki asilimia 25 ya mfuko huo. Mpinzani anasukuma chipu zote, wewe unalifuata dau lake na kushinda, hivyo chipu zako zinakuwa maradufu. Lakini thamani yake haifiki asilimia 50, inaishia asilimia 38.3 hivi, kwa kuwa hata bingwa hachukui zaidi ya nusu ya mfuko. Wale wawili waliokaa kimya bila kuhatarisha hata chipu moja wanapanda kutoka asilimia 25 hadi karibu 31 kila mmoja. Ukishindwa, unaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo, tukiweka kando madau ya lazima (yale ambayo wachezaji wawili huweka kwa zamu kabla ya kugawiwa karata), dau hilo linafaa kufuatwa pale tu unapotarajia kushinda zaidi ya mara 65 kati ya 100, ilhali kwa hesabu ya chipu peke yake mara 50 zingetosha.

Sasa tuziangalie zile A na K. Dhidi ya jozi ya J hushinda chini ya nusu ya mara zote. Hata kama mpinzani anasukuma bila kuzitazama karata zake, A na K zisizo za aina moja (kwa mfano moja kopa na nyingine shupaza) hushinda takriban mara 65 kati ya 100, yaani zinagusa tu kile kiwango. Anayezitupa hapo hafanyi woga, na ningependa watazamaji waache kumzomea. Msingi wa hesabu hii ulichapishwa na David Harville mwaka 1973 katika kukadiria mbio za farasi, na katika miaka ya 1980 Mason Malmuth akauingiza katika poka.

Kusukuma kwanza ni jambo jingine kabisa, kwa sababu anayesukuma ana njia mbili za kushinda: kuwa na karata bora mwishoni, au wengine wote kutupa zao. Hesabu iliyokuzuia kufuata dau sasa inamfunga mpinzani wako. Chukua meza ya watu 9 ambapo dau dogo la lazima ni chipu 1,000, dau kubwa 2,000, na mwenye dau kubwa anaongeza anti (dau jingine la lazima, kwa niaba ya meza nzima) ya 2,000. Katikati ya meza tayari kuna 5,000. Mwenye chipu 20,000 akisukuma zote na kila mtu akatupa, hazina yake inakua kwa robo nzima bila karata hata moja kufunuliwa.

Lakini subira nayo ina gharama. Kila mzunguko unakula chipu 5,000, na kinachopotea si idadi tu. Ukisukuma 20,000, mwenye dau kubwa anatakiwa kuongeza 18,000, na kwa hesabu ya chipu anahitaji kushinda mara 42 kati ya 100. Wengi hapo hutupa. Ukingoja hadi ubakiwe na 6,000, anaongeza 4,000 tu na kuhitaji mara 27, na hata karata za 3 na 2 hushinda karata za kubahatisha takriban mara 32. Atakufuata na chochote alicho nacho, na ile njia ya pili ya kushinda, kumtisha atupe karata, imeshakufa. Mchezaji makini husukuma kabla ya kufika huko, hasa dau kubwa linapokaribia kumfikia.

Katika kasino, tofauti na intaneti, habari muhimu lazima uitafute kwa macho. Mwenye chipu chache husimama, huzunguka meza za jirani na kuhesabu ni wangapi wana chipu chache kuliko yeye. Wakiwa wengi, kutupa karata ni halali hata zikiwa nzuri. Akiwa yeye ndiye wa mwisho kabisa, kungoja hakumfai kitu. Pia humtazama aliye na dau kubwa. Mwenye mlima wa chipu anaweza kufuata bila kuumia, kwa hiyo windo zuri ni yule wa katikati, ambaye anaweza kutolewa na pigo moja ingawa zawadi iko karibu kabisa naye.

Ili kuzuia wachezaji kuvuta muda, wasimamizi huamuru kila meza igawiwe mkono mmoja tu (mchezo mmoja wa karata), kisha zote zisubiriane. Wawili wakitolewa katika mkono mmoja kwenye meza tofauti, kwa kawaida hugawana malipo ya nafasi hizo. Inapotangazwa kwamba wote waliobaki wamo kwenye zawadi, wenye chipu chache huanza kusukuma mfululizo, kwa sababu ngazi zinazofuata za malipo hupanda polepole na kutolewa hakuwagharimu tena kiasi kilekile.