Je, Miti Hulishikilia Tuta la Bwawa?

Wengi wenye mabwawa madogo ya udongo ya kujiburudishia pembezoni mwa Mombasa huamini kwamba mivinje ikipandwa juu ya tuta, mizizi yake hulishikilia lisibomoke. Imani hiyo ina msingi, kwani kwenye mteremko wa kawaida mizizi huzuia mmomonyoko. Tuta la bwawa, hata hivyo, husukumwa na maji usiku na mchana: mzizi mnene ukifa na kuoza huacha upenyo ambamo maji hupita yakibeba chembe za udongo hadi tundu lipanuke, na mti ukiangushwa na upepo hung'oka na bonge la tuta. Nyasi fupi hufaa zaidi. Tena hazifichi nyufa wala mashimo ya panya.

Mwenye bwawa anaweza kukagua mwenyewe. Tembea chini ya tuta, upande usio na maji, na ukiona panapovuja, kinga maji hayo katika chupa angavu, kisha uiache itulie. Tope likituama, udongo unaliwa kutoka ndani, na mhandisi aitwe upesi. Miti iliyokwisha kukomaa isikatwe kiholela, maana mizizi iliyobaki itaoza vilevile. Kabla ya masika, zibua pia njia ya maji ya ziada, kwa kuwa maji yakifurika juu ya tuta la udongo yanaweza kulibomoa kwa saa chache.