Kupiga gari rangi nyumbani: maziwa hayasafishi mapafu

Gari la zamani bodi ikichakaa, wengi huazima kompresa na bunduki ya rangi, wakapiga msasa, praima (rangi ya msingi) na rangi hapo hapo uani. Ufundi wenyewe unafundishika. Kinachosahaulika ni pumzi ya anayeshika bunduki, na ya waliolala nyuma ya dirisha.

Mafundi wengi hunywa maziwa baada ya kupiga rangi. Yanasaidia?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, ukungu wa rangi unakwenda mapafuni, na maziwa hayana njia ya kuufuata huko. Kama chakula, kunywa tu. Tatizo ni kwamba mtu akishajiona amejikinga kwa pakiti ya maziwa, haoni tena haja ya barakoa. Imani hii imeenea mno katika gereji zetu, na inawaumiza vijana wanaoanza kazi.

Kibaya zaidi ni rangi, thina au hadina?

Thina, kimiminika cha kuyeyushia rangi, huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na ikivutwa miaka mingi hudhuru ubongo na neva. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni hadina, kimiminika kinachochanganywa na rangi ili ikauke na kuwa ngumu. Rangi, klia (tabaka angavu la juu) na praima za kuchanganya na hadina mara nyingi huwa na kemikali ziitwazo isosianeti. Ukizivuta, kinga ya mwili inaweza kuanza kuzipiga vita. Ikishafikia hapo, hata kiasi kidogo sana kinatosha kukubana kifua, na hali hiyo inaweza kudumu maisha yote. Hii ni pumu itokanayo na kazi. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, imesema wapiga rangi za magari wako katika hatari ya kupata pumu takriban mara 80 kuliko wafanyakazi wa kawaida nchini humo.

Mara nyingi kikohozi na kubanwa kifua huja jioni au usiku, saa kadhaa baada ya kazi, kwa hiyo lawama huenda kwa baridi au vumbi. Ukiona unakohoa siku za kazi na kupata nafuu ukipumzika, nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba unapiga rangi yenye hadina. Asipojua hilo, ni rahisi kukutibu kikohozi cha kawaida huku ukirudi kwenye bunduki kesho yake.

Nisiposikia harufu, niko salama?

La. Pua haikuonyi mapema kuhusu isosianeti. Hadi uisikie, umeshavuta nyingi. Tena ukungu mwembamba hubaki hewani hata usipouona. Usivue barakoa kwa sababu tu umeachia kifyatulio. Toka kwanza nje, penye hewa safi.

Nivae barakoa gani?

Leso na barakoa ya hospitali hazizuii mvuke. Barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa na vya chembechembe hufaa kwa rangi isiyo na hadina, mradi vichujio ni vipya na ndevu zimenyolewa, kwa sababu ndevu huacha mwanya. Kwa rangi yenye hadina kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na hewa hiyo isivutwe karibu na ukungu wa rangi wala moshi wa injini.

Ushauri wangu: kama huna kifaa hicho, usipige hadina nyumbani kabisa. Piga msasa na praima isiyotumia hadina, kisha rangi ya juu na klia ziachie gereji yenye chumba maalumu cha kupulizia.

Na vumbi la msasa?

Rangi za magari ya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na kromiamu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Tumia msasa wa maji badala ya mkavu, usipeperushe vumbi kwa kompresa, na usimwage tope lake kwenye bustani ya mchicha. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Wajawazito na watoto wakae mbali, tangu msasa hadi rangi ikauke.

Jiko la mkaa likiwa upande wa pili wa ua, kuna shida?

Ipo. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye moto. Zima jiko, sigara na jenereta kabla ya kufungua kopo.

Rangi ikiingia jichoni au mtu akishindwa kupumua?

Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, kamwe si thina. Anayebanwa na pumzi atolewe kwenye hewa safi, akalishwe wima, apelekwe hospitali mara moja. Chukueni kopo la hadina, au lipigeni picha, ili daktari asome kilichomo.